Sura ya Sita: Furaha Inatoka Chini

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akiwa kijana, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Kapkatet iko nchi ya Wakipsigis, katika vilima vinavyoelekeana na Nyamira. Wasichana wa pale walimwimbia wimbo wa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakimwalika aje acheze nao. Chemirocha hakuwa zimwi la hadithi za jioni. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini pamoja na gramafoni. Wasichana hao walisikia sauti na gitaa la mtu wasiyemwona, wakamwazia mwili, kisha wakamwita kwenye ngoma yao.

Tracey huyohuyo alikuwa ameipenda mno mbira ya Washona, na katika miaka ya 1950 akaanza kutengeneza na kuuza ala ndogo ya jamii hiyo, yenye vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, akaiita kalimba. Mojawapo iliishia katika duka la ngoma mjini Chicago, ikanunuliwa na mpiga ngoma kijana, Maurice White. White aliipiga alipokuwa na kundi la Ramsey Lewis, akaendelea nayo alipounda Earth, Wind & Fire, na mwaka 1974 bendi hiyo ikatoa wimbo mzima wa kuisifu, “Kalimba Story”. Ukisikia vibao vile vya chuma vikilia juu ya tarumbeta na besi ya Earth, Wind & Fire, unasikia kazi ya mtu aliyewahi kuketi na mashine yake umbali mfupi tu kutoka mashamba ya chai ya Nyamira.

Naanza na safari hizo mbili kwa sababu najua msomaji atashangaa kuona fanki, Kisii na Nyamira zimewekwa katika sura moja. Fanki ni muziki wa Cincinnati, Memphis, Oakland na New Orleans. Hakuna anayedai kwamba ulizaliwa Keroka. Ninachodai ni kwamba ile furaha watu wanayoisikia katika fanki na soul ya miaka ya 1960 na 1970 inatoka chini, kwenye besi, na kwamba Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, walikuwa mabingwa wa besi kabla gitaa la umeme halijafika kwao. Ushahidi wao ni obokano, ala yao ya nyuzi.

Obokano ina nyuzi nane. Chini ni bakuli kubwa la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi. Kutoka kwenye bakuli hilo mikono miwili inapanda juu, na kati yake umekingama mti ambako nyuzi hufungwa na kukazwa. Ukoo wake ni mpana: kuna nyatiti ya Wajaluo, litungu ya Wabukusu, iritungu ya Wakuria, endongo ya Waganda, na ukipanda kaskazini zaidi utazikuta krar na begena za Ethiopia. Ila obokano inajulikana kwa ukubwa wake na kwa kina cha sauti yake, hata waandishi wa mambo ya muziki wakaifananisha na lile fidla refu la okestra ambalo mpigaji wake hulipiga akiwa amesimama.

Mpigaji wa obokano yeye huketi. Anatafuta kigoda cha chini, anaiegemeza ala mbele yake, na mikono yote miwili inafika kwenye nyuzi. Mtazame vidole. Havikimbii kama vya mpiga gitaa anayetaka kushangiliwa. Vinadonoa noti chache, vinarudi mwanzo, vinadonoa zilezile, na baada ya raundi kadhaa unagundua kwamba mzunguko ule umeshika kichwa chako kinachotikisika bila wewe kukiamrisha. Halafu kuna mkwaruzo. Kila uzi unapopigwa hutoa noti na mvumo, kama nyuki waliofungiwa kwenye kibuyu, na mvumo huo unabaki hewani baada ya kidole kuondoka. Mgeni hudhani kuna kitu kimelegea. Hakuna kilicholegea. Mafundi wanautaka mkwaruzo huo, na ala isiyokwaruza kwao haijakamilika. Inafaa kukumbuka kwamba mbira za Washona nazo zina vifuniko vya chupa au makombe ya kukwaruza, na Tracey aliviacha alipounda kalimba yake ili iwe na sauti safi ya kuuzika ng'ambo. Na katika miaka ya 1960 wapiga gitaa wa Marekani walikuwa wakitoa pesa kununua vifaa vya umeme vya kuikwaruza sauti ya magitaa yao. Walikuwa wakitafuta ladha ambayo fundi wa obokano alikuwa akiiweka kwa mikono.

Juu ya mzunguko ule wa nyuzi mpigaji huimba. Anamsifu mtu, anamlilia marehemu, anasuta tabia mbovu, anasimulia lililotokea sokoni. Hadithi inakwenda mbele huku nyuzi zikizunguka palepale. Hapa ndipo obokano inapotofautiana na muziki mwingi wa kinanda tuliofundishwa shuleni, ambao mwimbaji anaongoza na ala inamfuata ikimshikia sauti. Kwa obokano, mwimbaji anapanda juu ya kitu ambacho tayari kinatembea.

Sasa weka “Cold Sweat” ya James Brown, ya mwaka 1967, usikilize kwa masikio hayohayo. Kwa sehemu kubwa wimbo umekaa mahali pamoja. Besi ina sentensi yake fupi, gitaa lina yake, ngoma ina yake, na tarumbeta zina yake, na zote zinarudiwa zikijibana katika nafasi ambazo nyingine imeziacha. Brown hasimulii mengi. Anapiga ukelele, anaguna, anaita bendi na bendi inamwitika. Miaka miwili kabla ya hapo, katika “Papa's Got a Brand New Bag”, alikuwa ameshaanza kuibana bendi yake yote ipige kwa nguvu pigo la kwanza la kila kipimo. Mwaka 1970 alipomchukua Bootsy Collins kupiga besi, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akipiga noti nyingi kila mahali, somo alilompa lilikuwa hilohilo: lipe lile pigo la kwanza haki yake, kisha baada ya hapo fanya utakavyo.

Historia ya muziki huu mara nyingi huandikwa kama historia ya waimbaji, na mimi naona hilo limetupotosha. Chukua nyimbo za kampuni ya Motown, iliyoanzishwa Detroit na Berry Gordy mwaka 1959. Majina tunayoyajua ni ya walioshika maikrofoni. Lakini mtu aliyezifanya nyimbo nyingi kati ya hizo zitembee alikuwa James Jamerson, mpiga besi aliyedonoa nyuzi kwa kidole kimoja cha shahada, na jina lake halikuandikwa kwenye majalada kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1983. Mwingine ni Larry Graham, aliyekuwa akipiga na mama yake katika kumbi za San Francisco. Walipobaki bila mpiga ngoma, kijana akaanza kuzigonga nyuzi za besi kwa kidole gumba na kuzivuta kwa kidole kingine, ili gitaa lake lifanye kazi ya ngoma iliyokosekana. Mtindo huo akaupeleka kwa Sly and the Family Stone, na besi ya fanki haikurudi tena ilikotoka.

Mpiga obokano angemwelewa Larry Graham mara moja. Naye hana mpiga ngoma. Ala yake moja inabidi iwe wimbo, iwe besi, iwe mwendo wa miguu ya wachezaji.

Kwa nini besi ifurahishe? Wanasayansi wameanza kupata sehemu ya jibu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio walilolifanya katika tamasha halisi la muziki wa kompyuta. Waliweka spika za kutoa sauti za chini kabisa, ambazo sikio halizisikii, wakawa wanaziwasha na kuzizima kila baada ya dakika mbili na nusu, huku wachezaji wamevaa vipimo vya mwendo vichwani. Spika zilipowaka watu walicheza zaidi kwa karibu asilimia 12, na hawakuweza kutambua zilipowaka wala zilipozimwa. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Maria Witek na wenzake walikuwa wamewapa watu vipande vya ngoma za fanki wavipime. Vipande vilivyopigwa kwa kunyooka mno havikuwasisimua, na vilivyokatakata mno viliwachanganya. Vya katikati, ambavyo pigo linatarajiwa hapa nalo linaangukia pembeni kidogo, ndivyo vilivyowapa raha na hamu ya kuinuka. Mwili unapenda kupewa mwendo wenye mapengo, ili uyajaze wenyewe.

Hayo yanaeleza miguu. Hayaelezi yote, kwa sababu furaha ya soul ina kitu ambacho miguu peke yake haikifikii, na kitu hicho kilitoka kanisani. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji C. L. Franklin wa Detroit, na aliimba kanisani kwa baba yake kabla ya kuimba mahali pengine popote. Alipoichukua “Respect” ya Otis Redding mwaka 1967 aliiimba kama mtu anayetoa ushuhuda mbele ya waumini, na waitikiaji wake wakajibu kama waumini.

Na hapa Gusii ina la kusema kwa sauti kubwa. Wasabato walifika Kenya mwaka 1906, wakaanzia Gendia kando ya Ziwa Viktoria, na muda si mrefu wakapanda milima hadi Nyanchwa, Kisii. Wakatoliki nao wakajenga Nyabururu. Leo Jumamosi asubuhi katika kaunti hizi mbili ni asubuhi ya kwaya. Ukipita barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, au ukikata kuelekea Kebirigo, utazisikia kabla ya kuona bati la kanisa: soprano, alto, tena na besi, mara nyingi bila ala yoyote, kwa maana makanisa mengi ya Kisabato yamekuwa na tahadhari kubwa kuhusu ngoma. Wengi wamejifunza kwa solfa, wameshika “Nyimbo za Kristo” au daftari la kunakili kwa mkono.

Sogea upande wa wanaume wa besi. Kwa kawaida wako nyuma, na mara nyingi kuna mmoja mwenye umri mkubwa kidogo anayeangalia chini anapoimba. Wenzake wa tena wanapovuta noti ndefu, yeye na kundi lake wanatembea: wanashuka ngazi, wanapanda, wanaingia katika pengo wenzao walipovuta pumzi, wanayarudia maneno ya mwisho ya mstari kwa mkato wenye pigo. Ngoma imekatazwa, na wao wamekuwa ngoma. Mimi siwezi kusikia besi ya kwaya ya Kisii bila kufikiria vidole vya mpiga obokano, na sidhani ni bahati tu kwamba watu waliolelewa na ala nzito kuliko za majirani zao wana wanaume wanaojivunia kushuka chini namna ile.

Uhusiano wa Wasabato na soul wala si wa kubuni. Huko Huntsville, Alabama, kuna Oakwood, chuo cha Kisabato cha Wamarekani Weusi. Little Richard, ambaye James Brown mwenyewe alikiri kwamba bendi yake ndiyo ya kwanza kutia fanki katika mdundo, aliacha jukwaa mwaka 1957 katikati ya umaarufu wake, akaenda Oakwood kusoma dini. Baadaye alirudi jukwaani, akaondoka tena, akarudi tena, lakini alipofariki mwaka 2020 alizikwa katika makaburi ya chuo hicho. Na ni hapo Oakwood, mwaka 1980, wanafunzi walipoanzisha kundi lililokuja kuitwa Take 6, wanaume sita wasiotumia ala yoyote, na Alvin Chea akiwa chini kabisa na besi inayofanya kazi ya gitaa. Kijana wa kwaya ya Nyamira anayemsikiliza Alvin Chea kwenye simu yake hasikilizi muziki wa kigeni. Ni dini ileile, ni sauti nne zilezile, na ni kazi ileile ya kutembea chini huku wengine wakipaa.

Fanki yenyewe iliingia Kenya kwa santuri, redio na kumbi za hoteli, na Wakenya hawakuishia kusikiliza. Mombasa ilimtoa Slim Ali na bendi yake ya Hodi Boys, waliopiga soul kwa Kiingereza kiasi kwamba msikilizaji asiyejua angedhani wanatoka ng'ambo. Bendi ya Matata ilikwenda London mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikarekodi huko. Ishmael Jingo akatoa “Fever”. Kwa muda mrefu nyimbo hizo zilikuwa mikononi mwa wazee wenye santuri na wanunuzi wa kizungu waliozitafuta kwa bei kubwa, mpaka Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilipotoa mkusanyiko na kitabu chake kuhusu fanki ya Kenya mwaka 2011. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ikafuata na “Kenya Special”. Kazi ya Ketebul naiheshimu zaidi, kwa sababu iliwatafuta wanamuziki wenyewe na kuwapa nafasi ya kusema.

Furaha hiyo ilikuwa na maadui pia. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani wa Tanzania, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu maadili na utamaduni wa taifa. Mjadala ukapamba moto magazetini, wengine wakimuunga mkono, wengine wakiuliza inakuwaje muziki wa Waafrika wa Marekani uitwe wa kigeni. Miaka mitano baadaye, Septemba 1974, James Brown, Bill Withers na B.B. King walisimama jukwaani Kinshasa pamoja na Franco, Tabu Ley na Miriam Makeba, na umati wa Zaire ukalijibu swali hilo kwa kucheza. Kwangu mimi waliouliza Dar es Salaam walikuwa na haki. Waliozuia walisikia Kiingereza cha mwimbaji na suruali za vijana, hawakusikia kilichokuwa chini.

Nyanda za juu za Kisii zenyewe hazikupata Slim Ali wao. Kilichozishika ni benga, muziki wa magitaa uliotoka kwa majirani Wajaluo katika miaka ya 1960 na kusambaa upande wote wa magharibi. Christopher Monyoncho na bendi yake waliuchukua wakaupa Ekegusii, na jina lake hadi leo linatajwa kwa heshima na wazee wa Kisii na Nyamira. Benga si fanki. Mwendo wake ni wa kasi, gitaa la solo linacheka juu, na ngoma inakwenda moja kwa moja. Hata hivyo sikiliza besi yake: haikai nyuma ikihesabu, inazungumza, inajibizana na solo, na inapofika ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji ananyamaza na magitaa yanaachiwa, besi ndiyo inayoamua kama watu watabaki kwenye viti. Wataalamu wamezoea kusema kwamba gitaa la benga lilijifunza kwa nyatiti. Kwa benga ya Ekegusii ningeongeza obokano, na ningeiongeza hasa kwenye besi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa, maana ndilo linaloiua obokano polepole. Spika ndogo haiwezi kutoa besi. Hilo ni suala la fizikia: sauti ya chini inahitaji kusukuma hewa nyingi, na kikaratasi cha spika chenye upana wa sarafu hakisukumi kitu. Katika miaka ya 1970 redio ya betri ilileta Sauti ya Kenya hadi bomani, ikileta mwimbaji, tarumbeta na gitaa, lakini besi ilifika kwa tabu. Iliyobaki ya fanki watu waliikuta baa na kwenye kumbi, palipokuwa na maboksi makubwa ya spika, na huko ndiko walikocheza.

Leo mambo yamegeuka vibaya zaidi. Egesa FM na Minto FM zinatangaza kwa Ekegusii, video za obokano zinapatikana kwenye simu ya kila kijana, na kwa mara ya kwanza katika historia ala hii inaweza kufika Doha au Minneapolis kwa sekunde. Ila inafika imekatwa miguu. Simu inatoa mkwaruzo na sauti ya mzee anayeimba, lakini ile noti nzito ya chini, ambayo ndiyo obokano yenyewe, inabaki njiani. Kijana anasikia kitu chembamba kinachokwaruza, analinganisha na wimbo wa kompyuta uliotengenezwa mahsusi usikike vizuri kwenye simu, na anahitimisha kwamba ala ya babu yake ni dhaifu. Angesikia obokano hiyohiyo akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwa mpigaji, au ikipitia sabufa za matatu ya Kisii kwenda Nyamira, angesema mengine.

Ndiyo maana nafurahi kumwona Grandmaster Masese, mshairi na mpiga obokano kutoka Kisii, akiipeleka ala hiyo kwenye majukwaa ya mashairi ya Nairobi na kwingineko, mbele ya watu walioketi karibu. Anafanya kile ambacho James Brown alifanya: anaacha mzunguko utembee, halafu anazungumza juu yake. Mashairi ya siku hizi yanakaa vizuri juu ya nyuzi nane, wala hayahitaji kompyuta ya kuyashikia mdundo.

Naandika haya nikijua kwamba obokano haikuwa ala ya harusi na sherehe peke yake. Ililia msibani pia. Soul pia ina vilio vyake, na nyimbo nyingi za furaha kuu za Motown, ukisoma maneno yake, ni za mtu aliyeachwa. Jamerson anacheza huku mwimbaji akilia. Katika kilio cha mtu mmoja besi inawaweka watu wote kwenye mwendo mmoja, na kwa muda wa wimbo aliyefiwa au aliyeachwa hayuko peke yake. Furaha ninayoizungumzia ni hiyo, na iko Kisii katika kwaya ya Jumamosi kama ilivyo katika obokano.

Kuihifadhi kunawezekana, na si kwa kuiweka obokano ukutani kwenye jumba la makumbusho. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, linawakutanisha wanafunzi wa nchi nzima kila mwaka, na shule za Kisii na Nyamira zina walimu wa kwaya hodari wanaoweza kuandaa kikosi cha wapiga obokano kwa bidii ileile wanayoitumia kwa sauti nne. Watengenezaji wa rekodi waweke maikrofoni chini, karibu na ngozi ya bakuli, wasiishie kwenye mdomo wa mwimbaji. Vituo vya redio viwape wasikilizaji obokano za hadhara, sokoni Daraja Mbili na Keroka, kwenye spika kubwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka shughuli za utamaduni na burudani mikononi mwa serikali za kaunti. Kisii na Nyamira hazihitaji ruhusa ya Nairobi. Nazisihi kaunti zote mbili zimwajiri kila moja walau mwalimu mmoja wa obokano, zimlipe mshahara kama mwalimu mwingine yeyote, na zimpe wanafunzi wakati wazee wanaoijua vizuri bado wapo wa kuwaketisha vijana karibu nao.